Kutafuta tyubu za boila ya injini ya mvuke jijini Nairobi

Naandika haya kwa yeyote atakayetwikwa kazi niliyotwikwa mimi: kutafuta tyubu mpya za boila ya injini ya reli ya miaka ya 1950, hapa Nairobi, ambapo karakana zilizofanya kazi hiyo kila siku ziliacha zamani na mafundi wake wengi wametangulia mbele ya haki. Kikundi chetu ni kidogo. Kuna wazee waliostaafu kutoka reli, kuna mainjinia vijana, na kuna wapenzi wa reli wanaochanga mwisho wa mwezi. Mimi ni injinia wa mitambo na nimewahi kuagizia kiwanda vipuri, kwa hiyo manunuzi yakaniangukia.

Asiyejua boila ya reli ilivyo ndani aelewe hivi. Kwenye pipa lile refu la injini mna tyubu nyingi zilizolazwa kutoka chumba cha moto nyuma hadi chumba cha moshi mbele. Moto na moshi hupita ndani ya tyubu, maji huzizunguka kwa nje, na hayo ndiyo yanayogeuka mvuke. Nyingi ni nyembamba, kipenyo kama inchi mbili. Juu yake kuna safu za tyubu kubwa, zaidi ya inchi tano, ambazo ndani yake hulala mabomba ya supahita yanayoukausha mvuke na kuuongezea joto kabla haujafika kwenye silinda. Kila ncha ya tyubu hutanuliwa ndani ya tundu la bamba nene la chuma mpaka ikashika bila kuvuja. Injini za mvuke aina ya Garratt za daraja la 59, zile kubwa zilizojengwa na Beyer Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, zilifanya kazi kwa shinikizo la pauni 225 kwa inchi mraba, na tairi la gari dogo hujazwa kama 30 tu. Mojawapo, namba 5918 Mount Gelai, ipo Makumbusho ya Reli karibu na stesheni; anayetaka kujua tunazungumzia kitu cha ukubwa gani aende akasimame kando yake. Injini yetu ni ndogo kuliko hiyo, lakini nguvu iliyomo ndani ya boila yake inaweza kuua watu. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hujaza nafasi ya takriban lita 1,600. Nililikumbuka hilo kila muuzaji aliponiambia, "Hii itakutosha, madam."

Uamuzi wa kubadilisha tyubu ulifanywa na mzee wetu wa boila, aliyejifunza kazi enzi za East African Railways, kabla shirika halijavunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Aligonga tyubu moja moja kwa nyundo ndogo akisikiliza, kisha akaagiza chache zikatwe na kutolewa. Upande wa chini, kule ambako maji hutuama injini inaposimama miaka mingi, kutu ilikuwa imezichimba vishimo. Unene uliobaki katika baadhi ya vishimo haukufika nusu ya ule wa awali.

Hapo tulibishana sana. Wenzetu wengine walitaka tubadilishe zile mbovu tu, maana pesa zilikuwa chache. Wengine walikumbusha kwamba karakana za reli zilizoea kukata ncha iliyoungua, kuunga kipande kipya kwa kuchomelea na kurudisha tyubu kazini. Ni kweli, na ilikuwa kazi nzuri kwa tyubu ambayo sehemu yake kubwa ingali salama. Zetu zilikuwa zimeliwa katikati. Mzee alimaliza mjadala kwa kuniambia, "Binti yangu, tyubu moja ikivuja ukiwa njiani, utazima moto wa injini nzima kwa ajili yake. Ukishaifungua boila, badilisha zote." Mkaguzi wa boila naye akasema hivyo hivyo. Ninaliweka hili mapema kwa sababu vikundi vingi huanza kuuliza bei kabla ya kukubaliana idadi, na muuzaji anayeulizwa bei ya tyubu kumi leo na mia moja wiki ijayo huacha kujibu.

Kuhusu mkaguzi, mtafute kabla hujatafuta chuma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka boila za mvuke zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, na mtu huyo ndiye atakayetia sahihi au kukataa kutia sahihi mwishoni. Tulikaa naye mezani mwanzoni kabisa, tukamwuliza atakubali viwango gani, cheti cha aina gani, na majaribio gani. Aliandika barua ya ukurasa mmoja. Barua hiyo ilinisaidia kuliko kitu kingine chochote katika safari yote, maana kila muuzaji aliponishawishi kwa bei nilimwonyesha karatasi na mazungumzo yakaisha.

Sasa vipimo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa huokolewa au hupotea.

Kwanza kabisa, kabla ya kubandua bati la nje la boila, chukulia kwamba chini yake kuna asbestosi mpaka upimaji uonyeshe vingine. Boila za umri huu mara nyingi zilifunikwa nayo. Usiwaruhusu vijana waingie na visu vya kukwangua. Sisi tuliiacha sehemu hiyo bila kuguswa hadi wenye ujuzi na mavazi yake walipokuja.

Kipenyo cha tyubu kuukuu hakitoshi kukuongoza. Katikati imeliwa na kutu au imeongezewa ukoko wa maji, na ncha zake zimeshatanuliwa. Zaidi ya hayo, ncha mbili za tyubu ya injini ya reli hazilingani: upande wa chumba cha moto hubanwa iwe nyembamba kidogo, na upande wa chumba cha moshi hupanuliwa, ili tyubu ipite kwa urahisi inapoingizwa na itoke hata ikiwa imevaa ukoko. Kwa hiyo pima matundu ya mabamba yote mawili, baada ya kuyasafisha mpaka chuma king'ae. Pima kila tundu kwa pande mbili zinazokatana, kwa sababu kila mara tyubu zilipobadilishwa zamani tundu lilitanuka kidogo, na mengine yamekuwa ya duaradufu. Tulichora mchoro wa bamba zima na kuandika kila kipimo ndani ya duara lake. Matundu yaliyokuwa makubwa mno tuliyatia alama nyekundu, mkaguzi akaamua yapi yatavalishwa pete ya shaba na yapi yahitaji kazi zaidi.

Urefu nao upimwe sehemu nyingi: juu, chini, kati, kushoto, kulia. Bamba lililokaa motoni miaka mingi huweza kubonyea, na tyubu ya katikati isilingane na ya pembeni. Kisha uongeze kiasi kinachotokeza nje ya bamba kwa ajili ya kukunjwa. Ukiagiza tyubu zilizokwisha kukatwa kwa kipimo kimoja, nyingine zitakuwa fupi, na chuma kilichokatwa kifupi hakirefuki. Agiza ndefu, ukate hapa.

Halafu kuna suala la inchi na milimita. Injini zetu zilijengwa Uingereza kwa inchi, na unene ulitajwa kwa geji za waya. Inchi mbili ni milimita 50.8. Geji namba 11 ni kama milimita 2.95, namba 10 ni kama 3.25. Leo viwanda vingi vinavyofuata viwango vya Ulaya vitakupa tyubu ya milimita 51. Tofauti ya 0.2 inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba kiwango chenyewe, EN 10216-2, kinaruhusu tyubu iliyotengenezwa kwa moto itofautiane kwa nusu milimita juu au chini. Hivyo inayoitwa 51 inaweza kukufikia ikiwa 51.5 na isiingie kabisa. Kwa iliyovutwa ikiwa baridi, tofauti inayoruhusiwa ni ndogo zaidi, na hiyo ndiyo ya kuomba. Unene una hadithi kama hiyo. Milimita 2.9 kwenye karatasi ya Ulaya inaweza kuwa 2.5 kwenye chuma, nayo haijavunja sheria. Viwango vya Marekani vya ASTM A179 na A192 hutaja unene wa chini kabisa, yaani hauruhusiwi kupungua. Muuzaji akikupa bei mbili, moja ya kila kiwango, usizilinganishe bila kujua hilo. Sisi tuliandika kwenye oda unene ambao tyubu yoyote isishuke chini yake, na hapo kila mtu alilazimika kuzungumza lugha moja.

Chuma chenyewe ni laini, chenye kaboni kidogo. Ile inayoitwa P235GH kwa Ulaya haizidi asilimia 0.16 ya kaboni. Laini ni muhimu: tyubu lazima itanuke na kushika kabla tundu la bamba halijaharibika. Fundi mmoja alitushauri tuchukue chuma kigumu zaidi ili kidumu. Ushauri ulitoka moyoni, lakini chuma kigumu kingelipasua ncha zake wakati wa kukunja, au kingeliharibu bamba, na bamba jipya ni gharama ambayo ingeuua mradi wetu.

Nikaingia mjini na karatasi zangu. Nilianzia Enterprise Road, nikashuka Lunga Lunga Road, nikapita maduka ya chuma mengi kiasi kwamba walinzi walianza kunisalimia. Jambo la kwanza utakaloonyeshwa ukiomba chuma cha inchi mbili ni paipu ya maji au ya mvuke ya kawaida. Inchi mbili ya paipu ni jina la ukubwa tu. Kipenyo chake cha nje ni milimita 60.3. Ya inchi moja na nusu ni 48.3. Hakuna inayokaribia 50.8. Wengine walinionyesha paipu ya mabati wakasema itazuia kutu. Zinki kwenye moto wa boila haina kazi, na ukiichomelea hutoa moshi unaougulisha. Wengine walinipa tyubu nyembamba ya kutengenezea viti na milango, yenye kipenyo kinachofanana kabisa na chetu. Hiyo ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu itaingia kwenye tundu vizuri.

Beba vernia, kile kifaa cha kupimia kipenyo na unene, mfukoni siku zote. Pia jifunze uzito. Tyubu ya milimita 51 yenye unene wa 3.2 ina uzito wa karibu kilo 3.8 kwa mita. Ikiwa na unene wa 2.6, ni kama kilo 3.1. Kwa kipande cha mita tano tofauti inazidi kilo tatu, na mizani yoyote ya ghala itaionyesha. Muuzaji anaweza kuulainisha ukingo wa tyubu kwa grainda ili uonekane mnene au mwembamba, lakini uzito wa kipande kizima haufichiki.

Kilichotufungulia njia ni chai. Kwenye kantini moja huko Industrial Area nilikaa meza moja na fundi wa boila aliyekuja kutoka upande wa Limuru kununua vifaa vya kiwanda cha majani chai. Viwanda vya chai hukausha majani kwa mvuke, na vingi vinatumia boila za kuni ambazo ndani yake moto hupita kwenye tyubu kama kwetu. Tyubu hizo huisha na kubadilishwa. Kwa hiyo Nairobi wapo watu wanaoweka ghalani tyubu halisi za boila, tena za inchi mbili, inchi mbili na nusu na inchi tatu, zenye vyeti. Hawako mbele ya barabara na hawana mabango makubwa. Wateja wao ni viwanda vya chai, vya maziwa, vya nguo, na hospitali zenye madobi. Nilimwambia, "Kaka, nimezunguka mji huu mpaka viatu vimeisha, na nilichokuwa natafuta mnakinunua kila mwaka." Akaniandikia jina la ghala nyuma ya risiti yake.

Ningemshauri yeyote aanzie huko. Ulizia mafundi wa boila za viwanda wananunua wapi, kabla ya kuandika hata barua moja kwenda ng'ambo. Tyubu zetu ndogo zote tulizipata kwa njia hiyo, kwa urefu wa mita sita, kwa kufuata kiwango ambacho mkaguzi alikuwa ameandika.

Hata huko kwenye ghala zuri, cheti kinahitaji kusomwa. Cheti tulichotakiwa kuwa nacho ni cha aina ya 3.1 kwa mujibu wa EN 10204, ambacho kiwanda kinaeleza matokeo ya vipimo vya shehena hiyo hiyo na kutiwa sahihi na mkaguzi wa kiwanda asiyekuwa chini ya idara ya uzalishaji. Cheti cha 2.1 ni ahadi tu kwamba bidhaa inalingana na oda. Kwenye 3.1 kuna namba ya myeyusho, yaani ya chuma kilichoyeyushwa pamoja, na namba hiyo hiyo lazima iwe imechapwa kwenye tyubu. Mahali pamoja nilipewa nakala ya nakala, imefifia, na namba iliyokuwa kwenye tyubu ilikuwa nyingine kabisa. Kijana wa mauzo alisema zote zimetoka kontena moja. Huenda alisema kweli. Niliondoka, na njiani nilihisi uchungu, kwa sababu bei ile ingetuokolea pesa za miezi mingi ya michango. Jioni nilipomweleza mzee aliniuliza swali moja tu: "Siku ya kuwasha, utasimama karibu nayo?"

Tyubu kubwa zilikuwa habari nyingine. Zetu ni za inchi tano na robo, milimita 133.35, na sikupata boila yoyote ya kiwandani hapa inayotumia ukubwa huo. Ncha yake ya upande wa moto lazima ibanwe iwe nyembamba kwa inchi kadhaa, kazi inayotaka moto, mashine na umbo maalumu. Tuliuliza India na Uingereza. Waingereza wana vikundi vingi vya kufufua injini, kwa hiyo wapo wanaoelewa mchoro bila kuuliza maswali mengi, lakini bei na nauli zilitulemea. India ina viwanda vikubwa na kanuni zake za boila za tangu 1950, zinazojulikana kwa kifupi kama IBR, na tyubu zilizokaguliwa chini ya kanuni hizo huja na cheti chake. Tukaamua India, baada ya mkaguzi wetu kukubali.

Viwanda vyenyewe havitaki kusikia habari ya tyubu chache. Hutaka tani nyingi za ukubwa mmoja. Mtu wa kumtafuta ni mwenye ghala anayeuza rejareja kutoka shehena za viwanda, na kama ana uwezo wa kubana ncha, afanye yeye kwa kufuata mchoro wako. Tulimwomba kwanza atume kipande kimoja kilichobanwa, kwa ndege. Kilitugharimu, na baadhi ya wenzetu walinung'unika. Kipande kilipofika tulikiingiza kwenye tundu, kikakaa. Pesa hiyo sijawahi kuijutia.

Sasa gharama, maana ndizo watu huficha. Tulikuwa tumepokea profoma, yaani ankara ya awali, mwanzoni mwa 2023, dola ikiwa kama shilingi 123. Kuchanga kwetu kulikwenda polepole. Mwaka ule shilingi iliendelea kushuka na kumaliza karibu 157 kwa dola. Kila mwezi tuliochelewa, chuma kile kile kilipanda bei bila muuzaji kubadilisha hata senti. Kulikuwa na vikao ambavyo nilisoma hesabu na watu wakanyamaza. Mama mmoja kwenye kikundi, mjane wa dereva wa reli, aliongeza mchango wake bila kuombwa, na wengine wakaona haya wakafuata. Tulichojifunza ni kununua dola kidogo kidogo kadiri michango ilivyoingia na kuziweka kwenye akaunti ya dola, badala ya kungoja jumla itimie.

Bei ya chuma chenyewe ikawa kama nusu tu ya tulichotumia. Nauli ya meli na bima huingizwa kwenye thamani ambayo forodha hukokotolea kodi, kwa hiyo nauli kubwa hukuumiza mara mbili. Kuna ushuru, kuna ada ya tamko la uingizaji, kuna Tozo ya Maendeleo ya Reli iliyoanzishwa 2013, na juu ya yote kuna VAT ya asilimia 16. Kisha wakala, bandari, kontena, lori. Andika kila mstari kwenye makadirio kabla ya kutangaza lengo la mchango.

Urefu wa kontena nao ukumbuke. Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa kama mita 5.9. Tyubu ya mita sita haiingii. Ama ukubali zikatwe chini ya 5.8, ama ulipie la futi 40. Kuchangia kontena na wengine ni rahisi kwa maboksi, lakini wasafirishaji wengi hawapendi chuma kirefu juu ya mizigo ya watu. Tyubu zetu kubwa zilitosha chini ya 5.8, kwa hiyo tuliponea hapo.

Kabla mzigo haujapakiwa lazima uwe umeshughulikia mpango wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka, na cheti chake cha ulinganifu kiwe mkononi. Uanze mapema, kwa sababu mkaguzi wa kule anataka kuona vyeti vya kiwanda na kiwango kilichotajwa, na muuzaji mwenye haraka hupakia kwanza. Wetu alikuwa mwelewa kwenye hilo, lakini kwenye ankara aliandika "mabomba ya chuma" na kuacha habari ya kuwa hayana mshono. Tyubu zisizo na mshono ziko chini ya namba 7304 ya forodha, zilizochomelewa ziko 7306. Wakala tuliyemtumia alitangaza namba moja na hati zikasema nyingine, mzigo ukasimama. Siku zilihesabika na gharama za kuhifadhi kontena zikawa zinaongezeka tukiwa tumelala. Nilikuwa naamka usiku kuangalia simu. Tulitoka kwa kupeleka cheti cha kiwanda, mchoro, barua ya mkaguzi, na ankara iliyosahihishwa. Kama ankara ingeandikwa sawasawa tangu mwanzo, tusingelipia hata siku moja ya ziada. Mwandikie muuzaji maneno ya ankara wewe mwenyewe, neno kwa neno: tyubu za boila, zisizo na mshono, kiwango, ukubwa, unene, urefu, namba ya forodha.

Mzigo ulipofika uwanjani hatukushangilia kwanza. Tulilinganisha namba ya kila tyubu na cheti, tukapima vipenyo ncha zote mbili, tukapima unene kwa kifaa cha mawimbi ya sauti tulichokodi. Kutoka kila shehena tulikata pete fupi. Moja tuliibonda kwa shinikizo mpaka ikawa bapa, nyingine tuliitanua mdomo kwa koni ya chuma, tukitazama kama itapasuka. Hazikupasuka. Chache kati ya zile ndogo zilikuwa na michubuko mirefu kutokana na kuburutwa ghalani, tukazirudisha, na mwenye ghala akazibadilisha bila ubishi kwa sababu tulikuwa tumekubaliana hivyo kwa maandishi. Zilizobaki tulizipaka mafuta, tukaziba ncha kwa vifuniko vya plastiki na kuzilaza juu ya mbao, chini ya paa. Mvua za Nairobi za Aprili hazitazami cheti cha mtu.

Tyubu kuukuu nazo zina utaratibu wake. Biashara ya vyuma chakavu inaendeshwa kwa leseni chini ya sheria ya 2015, na mwaka 2022 serikali iliisimamisha kwa miezi kadhaa baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa. Mtu akikamatwa barabarani na lori la chuma cha reli bila karatasi, maelezo hayatamsaidia. Tuliandikiana barua na wenye mali kabla kipande kimoja hakijatoka langoni.

Kuziweka kulikwenda upesi kuliko kuzitafuta. Mzee alikaa kwenye stuli ndani ya chumba cha moto, vijana wakazungusha ekspanda, kifaa cha kutanulia ncha za tyubu, naye akawa anasema "bado," "bado," "basi." Alituonya tusikaze kupita kiasi kwa sababu tyubu iliyotanuliwa mno hukonda shingoni. Tulianza na za pembeni na za kati kwa zamu, ili bamba lisivutwe upande mmoja. Kisha tukajaza maji na kupandisha shinikizo kwa pampu ya mkono mpaka mara moja na nusu ya lile la kazi, kama mkaguzi alivyotaka. Ncha kadhaa zilitoa matone, zikakazwa tena, tukarudia. Shinikizo liliposhika, mkaguzi aliomba mchoro wa bamba, cheti cha kila shehena na orodha inayoonyesha tyubu ya myeyusho upi iko tundu lipi. Vyote vilikuwa kwenye faili moja, akatia sahihi papo hapo.

Tuliagiza tyubu za akiba kumi katika mia. Hizo zimewekwa zikiwa na namba zake, pamoja na pete za majaribio, nakala ya faili, jina la ghala la Industrial Area na maneno ya ankara kama yalivyopaswa kuandikwa. Kikundi kingine chenye injini ya reli ya upana wa meta moja kikihitaji vipimo au mchoro wa kubana ncha za tyubu kubwa, tutakipa bila malipo. Kije na vipimo vya matundu yake yenyewe, vilivyochukuliwa baada ya kusafisha.